Fyuzi ya Mbao, Foili ya Bure

Wale mlianza kunifuata kitambo mnaikumbuka ile video. Mikono miwili, shanga za kijani kwenye mkono wa kushoto, fyuzi ya njano katikati ya vidole, halafu ile karatasi ya fedha ya ndani ya pakiti ya sigara inazungushwa polepole kama mtu anayekunja chapati. Sauti yangu inasema: "Fyuzi imeungua na duka liko mbali? Tulia. Dawa ndiyo hii." Sekunde 34. Hadi leo ndiyo video yangu iliyotazamwa kuliko zote.

Niliifuta. Watu waliniuliza sababu nikawa nawajibu kwa utani. Leo nataka kujibu vizuri, kwa sababu nilichofundisha pale kilikuwa makosa, na ile mat niliyorekodia ilianza kuungua siku nne baadaye nikiwa ndani, kiti cha tatu kutoka nyuma, upande wa dirisha.

Turudi nyuma kidogo. Niliacha chuo mwaka wa pili, uhandisi wa umeme. Karo ilikuwa shida, lakini nikisema ni karo peke yake nitakuwa nawadanganya. Nilikuwa nimechoka kukokotoa saketi ambazo sijawahi kuzishika. Mathe hakuniongelesha wiki mbili. Akiulizwa na majirani anasema niko likizo, likizo gani hiyo ya miezi mitano. Kaka yake, ambaye sisi tunamwita Anko tu, ni fundi wa umeme wa magari kule Kariobangi Light Industries, na yeye hakunipa hotuba. Alinipigia simu akaniambia, "Kuja unishikie tochi." Nilienda nikidhani nitapata video za mwezi mmoja hivi. Nilikaa mwaka na miezi miwili.

Kibanda cha Anko ni mabati manne na meza moja. Ukutani kuna rundo la waya za rangi zote zimening'inia kama nywele za rasta. Wateja wakifika wananiangalia, nimeshika tester mkononi, halafu wananiuliza, "Fundi ako wapi?" Hiyo nitaiandikia siku nyingine.

Wiki ya kwanza Anko aliniuliza swali moja. Fyuzi inalinda nini? Nikajibu kama niko kwa mtihani: inalinda vifaa vya umeme visiharibike. Akacheka mpaka akaweka chai chini. "Redio ikitaka kuungua itaungua, na fyuzi iko hapo inaitazama. Fyuzi inalinda waya."

Miaka miwili ya chuo, na hakuna mtu aliwahi kuniambia hivyo. Wacha niwaeleze maana yake, kwa sababu bila hapo hamtaelewa kwa nini ile video ilikuwa mbaya.

Umeme ukipita kwenye waya huacha joto njiani. Ukiongeza mkondo mara mbili, joto haliongezeki mara mbili, linaongezeka mara nne. Ukiongeza mara tatu, ni mara tisa. Kwa hivyo kuna mahali waya inabeba mzigo wake vizuri na hata huhisi kitu ukiishika, halafu unaongeza kidogo tu na inaanza kuwa moto, halafu unaongeza kidogo tena na ile plastiki iliyoifunika inalainika. Plastiki ya kawaida ya waya hutengenezwa kuvumilia joto la digrii 70 hadi 105 hivi, inategemea aina. Ikishapita hapo sana, inaanza kutoa ile harufu. Mkishaisikia mara moja hamtaisahau.

Watu wengi hawaogopi umeme wa gari kwa sababu haurushi mtu. Kwa nyumba ni volti 240, ukigusa unajua umegusa. Kwa gari ni volti 12, kwa mabasi na malori ni 24, unaweza kushika vichwa vya betri kwa vidole na usihisi kitu. Kwa hivyo mtu anaona hiyo ni kama betri ya rimoti. Lakini betri hiyo hiyo ndiyo inazungusha injini asubuhi ya baridi, na kwa kazi hiyo inasukuma mamia ya ampea. Nimeona spana ikianguka juu ya betri pale kwa Anko, ikagusa kichwa cha chanya na cha hasi kwa wakati mmoja. Cheche zilitoka kama za mtu wa welding. Spana ilibaki na alama mbili kama imeumwa na mbwa.

Halafu kuna jambo lingine ambalo kwa nyumba halipo. Kwa gari, waya ya kurudi ni gari lenyewe. Taa ya nyuma inapelekewa waya ya chanya, lakini upande wa hasi unafungwa tu kwenye bodi, na bodi yote imeungwa na betri. Inaokoa waya nyingi sana. Ila inamaanisha kwamba kila chuma unachokiona ndani ya gari, kila mbavu ya paa, kila skrubu, kila bawaba ya kiti, ni upande wa pili wa betri unaongoja. Waya ya chanya ikichubuka mahali popote na ikagusa chuma, umeme hauna haja tena ya kupitia kwenye taa au spika. Umepata njia ya mkato. Na njia ya mkato haina kitu cha kuuzuia, kwa hivyo unakuja wote.

Hapo ndipo fyuzi inaingia. Ni kipande chembamba cha chuma, mara nyingi zinki, ndani ya plastiki yenye meno mawili. Hizi za meno zilitoka kwa kampuni ya Littelfuse miaka ya 1970. Za zamani zilikuwa vichupa vidogo vya kioo, na bado utazikuta nyuma ya redio. Katikati ya hicho kipande pamebanwa makusudi pakawa pembamba kuliko waya yoyote kwenye hiyo njia. Mkondo ukizidi, joto linajikusanya hapo kabla halijaumiza waya. Zinki inayeyuka ikifika digrii 420 hivi. Inakatika, njia inafungwa, basi.

Na rangi si urembo. Nyekundu ni ampea 10. Bluu ni 15. Njano ni 20. Ile nyeupe inayoonekana ndani ni 25. Kijani ni 30. Rangi hizo ni zile zile kwenye Probox ya Nairobi na kwenye gari la mtu Ujerumani. Hiyo namba haikuchaguliwa kulingana na nguvu unayotaka wewe. Imechaguliwa kulingana na waya iliyoko nyuma yake.

Mfano mmoja wa haraka. Taa mbili kubwa za mbele za halojeni ni wati 55 kila moja. Jumla 110. Gawanya kwa volti 12, unapata ampea 9 na kitu. Tuseme hiyo njia ina fyuzi ya 15, iko sawa. Sasa jamaa ananunua spotlaiti mbili za wati 55 kwa mtu wa barabarani, anaziunganisha kwenye waya hiyo hiyo kwa sababu ndiyo iko karibu. Sasa ni ampea 18. Fyuzi ya 15 haitakatika hapo hapo. Fyuzi huvumilia mzigo uliozidi kidogo kwa muda, na ndiyo maana inakatika akiwa ameshafika Thika Road, si akiwa kwa fundi. Ikifika mara mbili ya namba yake ndiyo hukatika kwa sekunde chache. Kwa hivyo jamaa anaona fyuzi ni mbovu. Ananunua ya 30. Haikatiki tena. Anamwambia kila mtu 30 ndiyo dawa. Na waya iliyopangiwa 15 sasa inabeba 18 kila usiku, na siku ikichubuka itaruhusiwa kubeba 30, 40, kabla mtu yeyote wa kusema hapana hajaamka.

Sasa tuingie kwa nganya.

Mimi ni mtoto wa Umoja. Sitajifanya mtakatifu hapa, mimi nikiwa steji naruhusu mat mbili tupu zipite ndiyo nipande ile yenye ngoma nzuri. Sisi wote tunafanya hivyo. Tunataka skrini, tunataka besi inayotikisa kifua, taa za zambarau chini ya viti, pa kuchaji simu. Mwenye gari anajua. Mat isiyo na makeke haipati watu wa rika letu, na sisi ndio tunasafiri usiku na wikendi. Lakini chesisi ya hiyo gari ilipotoka kiwandani haikuwa na habari ya skrini nane. Bodi imejengwa hapa hapa Nairobi, baadaye ikaenda kwa mtu wa graffiti, ikaenda kwa mtu wa muziki, ikaenda kwa mtu wa taa, kila mmoja akapitisha waya zake juu ya paa na akafunika na kitambaa. Fanya hesabu ile ile: ampu ya wati 600 kwa volti 12 ni ampea 50, bila kuhesabu inayopotea kama joto. Fundi mzuri wa muziki anaivutia waya yake nene moja kwa moja kutoka kwa betri, na anaweka fyuzi kubwa karibu kabisa na betri, ndani ya nusu mita hivi, ili hata waya ikichubuka mahali popote njiani iwe tayari inalindwa. Wapo wanaofanya hivyo, na kazi yao ni safi. Wapo pia wanaotafuta waya yoyote yenye moto.

Zile sheria za Michuki za 2004 zilituletea mstari wa njano, vidhibiti mwendo na mikanda. Polisi akisimamisha mat anaangalia mstari. Mimi sijawahi kuona mtu akisimamisha mat akaomba kuona boksi ya fyuzi.

Ilikuwa Jumatatu. Anko alikuwa ameenda Grogan kutafuta alternator. Mat ikaingia, mat ya mtaa wetu, jina lake sitalitaja, ikiwa na dere na konda ambaye tulisoma naye primary. Akashuka akikimbia.

"Siste, hii kitu inatuangusha. Taa za ndani na skrini zinazima zima. Nimebadilisha fyuzi tano wiki hii."

Tano. Hapo ndipo ningesimama. Mtu akikwambia amebadilisha fyuzi tano kwa wiki, amekwambia ugonjwa wote, kilichobaki ni kuutafuta mahali ulipo. Lakini mimi nilikuwa nimeshatoa simu, najipanga kurekodi.

Nikaweka ya njano, ya 20. Ikakaa. Dere akawasha injini, akarudi nyuma kidogo, gurudumu likashuka kwenye shimo, tak. Imekatika. Nikaweka ya pili. Ikakaa dakika mbili, konda akafunga mlango kwa nguvu, tak. Sikuwa na ya tatu. Saa kumi inakaribia, watu wa jioni wanaanza kujaa mjini, na dere ana hesabu ya kumpelekea mwenye gari.

"Weka tu waya, siste. Ama ile karatasi. Kila mtu hufanya."

Kila mtu hufanya, kweli. Konda mwenyewe ndiye alinipa pakiti yake ya sigara. Nilizungusha foili kwenye ile fyuzi iliyokatika, meno yote mawili, nikaisukuma ndani. Taa zikawaka zote, ngoma ikaingia, konda akapiga mabati. Nilipewa soo mbili. Jioni nikapost. Kufikia asubuhi simu ilikuwa haikamatiki.

Anko hakuiona video kwa sababu Anko hana haja na simu yangu. Na mimi sikumwambia.

Ijumaa alinituma Kirinyaga Road kuchukua vitu: rilei mbili, tepu, na pakiti ya fyuzi mchanganyiko. Nikamaliza saa moja usiku, nikaenda steji, na ni nani anakuja akining'inia mlangoni? Beste yangu wa primary. Akanibeba sare. "Madam fundi, ingia, leo hulipi." Nikaingia nikijihisi staa. Nyuma kulikuwa na wanafunzi wa kidato, mama mmoja na gunia dogo la sukumawiki, na wasee wa kazi wamelala wakiwa wamekaa, vile watu hulala Ijumaa.

Tukapita City Stadium, tukaingia Jogoo Road, jam kama kawaida. Mahali fulani baada ya Makadara nilisikia harufu. Nilijua ni nini kabla ya mtu mwingine yeyote ndani ya ile gari, na wacha niseme ukweli, kitu cha kwanza nilifanya ni kunyamaza. Labda sekunde kumi. Nilikuwa najiambia ni gari lingine, ni mtu anachoma takataka nje. Halafu nikaangalia juu nikaona kitambaa cha paa kinabadilika rangi, kahawia, duara ndogo inakua kama chai iliyomwagika, na kutoka pembeni moshi mwembamba unashuka.

Nilipiga kelele. Sikumbuki neno. Dere alizima injini lakini taa hazikuzima, ngoma haikuzima, kwa sababu ile njia ilikuwa inachukua moto moja kwa moja. Hiyo ndiyo sehemu inayonirudia usiku: tumesimama katikati ya Jogoo Road, watu wanakanyagana kwenye mlango mmoja, na ngoma inaendelea kana kwamba ni sherehe. Msichana mmoja wa shule alitokea dirishani. Mama wa sukumawiki alikataa kuacha gunia mpaka konda akalirusha nje. Dere ndiye alituokoa, alifungua kifuniko cha betri akang'oa kichwa kwa mikono, akaungua viganja. Taa zikazima. Moshi uliendelea kutoka kwa muda kidogo halafu ukapungua. Boda boda wawili walileta mchanga kwenye ndoo, haukuhitajika.

Hakuna aliyekufa. Mtu mmoja aliteguka mguu. Nilishuka wa mwisho karibu, na nikajikuta nimesimama kando ya barabara nimekumbatia mfuko wa karatasi, na ndani ya mfuko kuna fyuzi mpya za njano kumi.

Jumamosi mat ilivutwa mpaka kwa Anko. Nilikuwa nimeshamwambia usiku ule ule, kwa simu, yote. Hakupiga kelele, na ingekuwa rahisi kama angepiga. Alishusha kitambaa cha paa akaniita nipande ngazi.

Mtu wa taa alikuwa ameunganisha mikanda mipya ya taa kwenye waya ya taa za ndani, nyembamba kama ule mrija wa wino wa kalamu, na alikuwa ameipitisha juu ya mbavu ya chuma bila kuifunga wala kuikinga. Kila shimo la barabara lilikuwa linaisugua. Plastiki iliisha mahali pamoja, kama urefu wa ukucha. Ndiyo maana fyuzi ilikuwa inakatika tu gari likitikisika. Kila ilipokatika ilikuwa inatuambia ukweli: kuna mahali panagusa. Mara tano kwa wiki ile, na mbili zaidi mbele yangu. Nilipoweka foili, hakuna aliyejua tena foili hiyo inakubali ampea ngapi. Haina namba. Alumini yenyewe inahitaji digrii 660 kuyeyuka, na mimi nilikuwa nimeikunja mara tatu. Kwa hivyo sehemu dhaifu zaidi kwenye ile njia haikuwa tena kwenye boksi karibu na dere, ilikuwa imehamia juu ya vichwa vya watu, ndani ya kitambaa na gundi. Waya iliyoungua ilikuwa imeyeyukia jirani zake, sita zimekuwa kitu kimoja cheusi.

"Hesabu viti vilivyo chini yake," Anko akaniambia. Nikahesabu. Vilikuwa tisa.

Tulivuta waya upya siku sita na sikulipwa, na sikuuliza. Lakini kuna kitu alinionyesha wiki hiyo ambacho ndicho ningefaa kuwa niliwarekodia tangu mwanzo, kwa hivyo kaeni nacho. Fyuzi ikikatika mara ya pili, usiweke ya tatu. Chukua balbu ya gari, ile ya kawaida ya wati 21, kama ni gari la volti 24 chukua ya volti 24. Iunganishe waya mbili, uzichomeke mahali fyuzi ilikuwa. Zima vitu vyote vya hiyo njia. Kama waya inagusa bodi mahali, balbu itawaka kwa nguvu zake zote, na kwa sababu umeme wote unapitia kwake, haiwezi kuruhusu zaidi ya ampea mbili hivi, hakuna kitakachoungua. Sasa unatembea na gari. Unatikisa waya hapa, unachomoa soketi pale, unabonyeza paa. Siku balbu inapopunguza mwanga au kuzima, umeshika mahali penyewe. Kwa ile mat tungechukua nusu saa. Anko alinipimia kwa saa ya ukutani, ilikuwa dakika 22.

Siku hizi nikiongea na watu kuhusu hii kitu, wananiambia, sawa, lakini fyuzi pia ni pesa. Fyuzi ni mbao. Ukinunua pakiti inashuka zaidi. Na hapo kuna mtego mwingine, zipo feki. Nimeshika za 10 ambazo plastiki yake inaanza kuyeyuka kabla ya chuma cha ndani kukatika, na muuzaji anaapa ni orijino. Anko huchukua moja kwa kila pakiti mpya na kuiua makusudi kwa betri ya zamani, iliyofungwa kwenye waya nene, aone inakatika kwa muda gani. Isipokatika anarudisha pakiti yote. Wauzaji wa Grogan wanamchukia kwa upendo.

Na si magari tu. Kwa ploti yetu, caretaker anazima switch ya chini akisikia mtu anapika na koili, na sisi tunamtukana. Jirani wa ghorofa ya pili alimwita fundi akabadilishiwa ile ya kukata ikawekwa kubwa zaidi, na akafanya sherehe ya maandazi ya koili. Waya za ukutani ni zile zile. Nilienda kumwongelesha, akaniuliza kama mimi si ndiye yule wa foili.

Ndiyo, mimi ndiye. Hilo ndilo sikulifikiria nilipokuwa nafuta. Video ilikuwa imeshapakuliwa na watu, ikawekwa kwa akaunti ambazo sizijui, moja imeweka muziki juu yake, moja imeandikwa kwa Kifaransa. Beste yangu konda aliitumiwa wiki iliyopita na mtu wa Kisumu akimuuliza kama inafanya kazi. Alimjibu kwa sauti ya dakika nne, akamwelezea mpaka viganja vya dere.

Mkikutana nayo mahali, ile mikono yenye shanga za kijani ni yangu. Ya balbu nitaiweka Jumapili, ni ndefu, haitafika popote, najua. Fyuzi za njano natembea nazo kwa mkoba siku hizi, tatu tatu. Ukinipata steji ya Mutindwa na yako imekatika, niulize nikupe moja. Ukirudi kuomba ya pili, tunaenda kwa Anko.